Gari la Watu Wawili

Dutwa,
12 Mei 1996

Kwako mdogo wangu Machibya,

Mwangaluka. Barua hii ikikukuta jioni ipokee kwa salamu ya jioni, sisi huku hatuna ugomvi na saa. Mko mhola? Winnie mkeo na watoto hawajambo? Kwetu tunapumua, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limekataa kabisa kuzoea shamba.

Pamba imefunguka vizuri. Mwaka huu wanunuzi ni wengi, kila mmoja na mzani wake, wanagombana mbele yetu kama wachumba. Sisi tuliozoea kungoja chama cha ushirika peke yake tunacheka tu. Lakini shida ni kuitoa pamba huku kijijini mpaka barabarani Dutwa, ndiyo maana kila anayepita hapa ananiuliza pikapu ya Machibya inakuja lini. Mzee Bundala jirani anaomba umbebee ya kwake. Wanakwaya wanaomba uwapeleke parokiani siku ya Kupalizwa Bikira Maria. Nimewajibu nitakuandikia.

Eufrasia mwanangu ni mjamzito, uzao wake wa kwanza. Wanasema atajifungua mwezi wa nane. Mumewe Selestini anafyatua matofali kila siku, anataka mtoto azaliwe kwenye nyumba ya bati. Wote wawili wanakusalimu sana mjomba wao. Eufrasia hajasahau kwamba ni pikapu yako iliyompeleka kanisani siku ya harusi, na mimi sijasahau kwamba ndiyo iliyomrudisha mama nyumbani kumzika.

Tuambie utakuja lini.

Dada yako,
Felisita


Mwanza,
2 Juni 1996

Dada Felisita,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimefurahi kusikia mnapumua. Goti ulipake mafuta niliyokuletea, usiwape kuku. Winnie na watoto wazima, wanakuamkia.

Dada, pikapu nimeiuza.

Usishtuke. Nimenunua gari jingine, limeshuka bandarini Dar es Salaam likitokea Japani. Ni Benzi ya watu wawili, ile ya chini chini, rangi ya fedha, na paa lake linafunguka ukitaka jua. Viti ni vya ngozi, vyeupe kama maziwa. Limetumika, ndiyo, lakini huyo aliyelitumia nadhani alikuwa akilitazama tu. Ukiwasha husikii kitu. Mara ya kwanza nilidhani halijawaka.

Najua utaniuliza kwa nini, nami nitakujibu wewe, maana wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Biashara siku hizi si ile ya ushirika. Ukienda kwa mwenye kinu cha pamba na pikapu yenye kinyesi cha mbuzi nyuma, anakuweka kwenye benchi pamoja na makuli. Nikienda na hili, meneja wa benki anatoka nje mwenyewe.

Na kuna jambo la pili. Nimechoka, dada. Nikija nyumbani sijashuka tayari nina magunia, nina wanakwaya, nina mbuzi wa mahari wa mtu nisiyemjua. Nikikataa nina kiburi, nikikubali naondoka sijakaa na wewe hata kidogo. Gari la watu wawili halikatai mtu. Linaonyesha tu kwamba nafasi hakuna, na wala mimi sihitaji kusema neno.

Nitakuja nalo Kupalizwa. Utaliona.

Mdogo wako,
Machibya


Dutwa,
30 Juni 1996

Mdogo wangu Machibya,

Mhola? Sisi ni wazima. Mafuta ya goti nayapaka, na kuku wanayaangalia kwa mbali.

Jioni watu walikuja kusikia barua yako, kama kawaida yao. Niliwasomea, lakini sikuisoma yote. Kile kipande cha kuchoshwa nilikiruka. Walifurahi kwa ajili yako. Mzee Bundala alisema mtoto wa kwetu kuendesha Benzi ni heshima ya kijiji kizima, halafu akauliza kama kuna mtu Lamadi anayekodisha tela. Nilimwambia sijui.

Selestini aliuliza kama ni la mtumba, kama mashati. Nikamjibu ndiyo, ila mtumba wa kizungu. Eufrasia alicheka mpaka akashika tumbo, akasema tumbo lenyewe hilo halingeingia humo, angelazimika kuliacha nje lifuate kwa miguu.

Mimi nimefurahi na sijafurahi. Umefanya kazi kwa jasho lako, huna wa kumwomba ruhusa. Ila watoto wako na mama yao watakaa wapi? Na zile siku ulizokuwa ukilalamika kwamba pikapu imejaa watu, mimi nilikuwa nasimama mlangoni nawatazama wote wale wanavyokupungia ukiondoka, najiambia, huyu mtoto hatakufa peke yake. Ni mawazo ya kizee tu.

Njoo. Nimekufungia jogoo.

Dada yako,
Felisita


Mwanza,
20 Agosti 1996

Dada yangu Felisita,

Shikamoo. Nimefika salama. Safari hii naandika upesi kwa sababu kesho naondoka kwenda Dar es Salaam kwa kazi za pamba, lakini nisingeweza kuondoka bila kukushukuru.

Dada, hizo zilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu nianze maisha ya mjini. Tulikaa. Tulizungumza habari za mama bila mtu kupiga hodi. Mzee Bundala alikuja, akalizunguka gari lote, akasema wabeja, asante sana, umetuheshimisha, akaenda zake. Hakuna aliyeniomba kitu. Hata Selestini, ambaye zamani alikuwa wa kwanza kupakia magunia, asubuhi ile ya kuondoka alikuja uani akanikuta nafuta viti, akaniamkia kwa adabu, nikamwomba awaambie watoto wasiguse kioo. Akawaambia, akaondoka. Nikasema moyoni, kumbe watu wanaelewa.

Njia ile ya vumbi kutoka kwetu mpaka Dutwa ndiyo iliyonisumbua, gari linagusa chini. Mahali fulani kabla ya barabara kuu nilikuta watu wanasukuma baiskeli, wamemfunga mgonjwa nyuma kwa kanga, wanawake wawili wanamshikilia. Nilipiga honi wakasogea kwenye magugu. Mmoja alinyoosha mkono, nami nikampungia. Nilifunga vioo kwa ajili ya vumbi. Nikawaza, mpaka leo watu wetu wanabeba wagonjwa kwa baiskeli, na huku tunaambiwa nchi imefunguka.

Jogoo alikuwa mtamu. Mwambie Eufrasia nasikitika sikupata nafasi ya kupita kwake kumwona, muda ulinibana. Akijifungua unitumie habari, nina zawadi ya mtoto.

Mdogo wako akupendaye,
Machibya


Dutwa,
6 Septemba 1996

Machibya,

Natumaini mko wazima hapo nyumbani kwako.

Tulikupelekea simu ya upepo, ile telegramu, tarehe 19 mwezi wa nane kutoka posta ya Bariadi, hatukupata jibu. Kumbe ulikuwa unajiandaa kwa safari ya Dar es Salaam, sasa naelewa. Labda karatasi hiyo ipo mezani kwako hadi leo. Barua yako imenifikia jana. Kwa hiyo wewe ulikuwa hujui, na mimi ndiye wa kukwambia.

Eufrasia amefariki. Alifariki siku ileile uliyoondoka.

Uchungu ulimwanza alfajiri. Kulipopambazuka damu ikaanza kutoka, ndipo Selestini akaja mbio kwangu. Mimi nilikuwa jikoni nakukaangia jogoo, sikumwona. Alikukuta wewe na kitambaa mkononi. Nimemuuliza kwa nini hakusema. Alinijibu kwamba aliviangalia vile viti vyeupe, akamkumbuka mke wake anavyovuja damu, akashindwa kuomba. Akarudi kuazima baiskeli kwa Bundala.

Mimi niliitwa wewe ukiwa umeshaondoka. Nilikimbia na goti langu hili. Niliwakuta karibu na barabara kuu, wamemlaza chini ya kivuli cha mgunga, na mtoto alikuwa ameshazaliwa pale kwenye magugu, wanawake wamemfunga kwenye kanga. Mtoto alikuwa analia. Eufrasia alinitambua, akaniita mama, akaomba maji. Tulimfikisha zahanati akiwa bado na joto. Muuguzi alitutazama, akamfunika.

Wale uliowakuta njiani, Machibya, walikuwa wao. Yule aliyenyoosha mkono alikuwa Selestini. Alikuwa anakusimamisha.

Nilimuuliza pia jambo hilo, usiku wa matanga: kwa nini hakulifuata gari, kwa nini hakupiga kelele. Aliniambia maneno haya tu: "Mama, nilidhani ametuona."

Tumemzika kando ya bibi yake. Mtoto ni wa kike, tumemwita Milembe. Anakunywa maziwa ya ng'ombe.

Sina zaidi.

Felisita


Mwanza,
15 Septemba 1996

Dada,

Ile simu ya upepo ilikuwa ofisini, chini ya karatasi nyingine. Nimeikuta. Barua yako nimeikuta siku hiyohiyo.

Sikuwaona. Nakuapia kwa mama aliye kaburini, sikuwaona. Nimekaa nikijaribu kukumbuka sura zao na sipati hata moja, nakumbuka kanga tu, ya rangi ya machungwa, na gurudumu la baiskeli. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, dada. Niliweka koti langu juu yake lisijikunje.

Winnie anasema nije. Nimefika mpaka kwenye gari na mfuko wangu, nikarudi ndani. Siwezi kuingia uani kwako na gari lile, na jingine sina. Nitakuja vipi?

Nimemtuma dereva wa lori alete saruji ya kaburi, bati za nyumba ya Selestini, maziwa ya kopo ya mtoto, na sukari. Vipokee. Kama kuna kitu kingine chochote kinachohitajika niambie tu.

Mwambie Selestini. Sijui umwambie nini.

Machibya


Dutwa,
24 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Mwangaluka. Je, unalala? Unakula? Winnie ameniandikia kwa siri kwamba umekonda. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilipokaa kuandika hasira ilishika kalamu kabla yangu.

Vitu vimefika. Maziwa ya kopo nimeyachukua, mtoto hana kosa. Saruji tumejengea kaburi. Bati Selestini hakuzigusa, zipo nyuma ya nyumba yangu zimelala. Dereva wako alimkuta anapalilia, akamwambia zimetoka kwako. Selestini alimjibu wabeja, akaendelea kupalilia. Mwezi wote wa tisa alikuwa hataki jina lako litajwe mbele yake, na mimi sikumlazimisha.

Sitakwambia kwamba huna kosa. Ungejua nakudanganya, tangu utoto ulikuwa unajua nikikudanganya. Kuna siku naamka nikiisikia honi ile, na mimi sikuisikia kwa masikio yangu, naisikia tu. Lakini vilevile nimekaa nikajiuliza: siku zote zile gari lilipokuwa uani kwangu, nani aliyewafukuza watoto wasilisogelee? Ni mimi. Nilikuwa naliona linang'aa, nikawa najivuna. Ningelala na fimbo kulilinda.

Sasa nisikilize. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, na huyo nimemzika. Nina mdogo mmoja, ni wewe. Usinitumie saruji tena. Usinitumie lori. Jumamosi tarehe 8 mwezi wa pili tutakuwa na misa ya kumwombea Eufrasia, padri amekubali kuja hapahapa nyumbani. Njoo wewe. Panda basi kama watu wengine, ushuke Dutwa, utembee. Ukifika hutasema kitu, utakaa kwenye mkeka, tutalia, basi. Sisi hatuna dawa nyingine ya jambo hili.

Milembe amenenepa. Ana paji la uso la mama yetu. Juzi Selestini alikuwa amempakata, akaniuliza bila kunitazama: mjomba anaendeleaje?

Dada yako,
Felisita


Mwanza,
10 Januari 1997

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeiweka mfukoni mwa shati tangu ifike, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Heri ya mwaka mpya kwenu nyote, kama kuna heri. Watoto wamefungua shule. Winnie hajambo, na nimemsamehe kwa kukuandikia.

Umeniuliza kama nalala. Nalala kidogo mchana, ofisini.

Gari bado ninalo. Nilimpata mnunuzi, kijana wa dhahabu wa kule Geita. Alikuja, akalijaribu, akafungua paa, akafurahi kama nilivyofurahi mimi. Nilimtazama, nikashindwa kumpa ufunguo. Si kwa kulipenda. Niliona kama nampa mtu mwingine safari yangu ile. Sasa naliendesha kwenda kazini, vioo wazi, na nikiona mtu yeyote kando ya barabara nasimama. Watu wananishangaa. Wengi hawana shida yoyote, wamesimama tu. Nawauliza, mnakwenda wapi, wanasema hatuendi popote.

Nitakuja, dada. Nimekata tikiti. Nitapanda basi la asubuhi Ijumaa, tarehe 7, alasiri nitakuwa Dutwa. Sitaleta kitu, nitakuja na mikono yangu. Umesema sitasema kitu, lakini kwa Selestini lazima niseme, na nimekuwa nikitafuta maneno, nikipata ya Kiswahili yananuka ofisi, nikipata ya Kisukuma nalia kabla sijayamaliza.

Uniandalie mahali pa kulala popote. Hata zizini.

Mdogo wako,
Machibya


Dutwa,
16 Februari 1997

Mdogo wangu Machibya,

Mko mhola? Winnie na watoto? Nakuandikia nikiwa sijui kama unaumwa au umesafiri, na kama unaumwa Mungu akuponye.

Ijumaa ile Selestini aliamka mapema, akaoga, akavaa shati lake la harusi. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema anakwenda Dutwa kumpokea mjomba, kwa sababu mtu aliyezoea gari hataiona njia ya mkato, na pia si vizuri mgeni wa msiba kuingia peke yake. Sikumtuma. Ninataka ujue hivyo, sikumtuma. Alimchukua na Milembe, akamfunga mgongoni kwa kanga kama mwanamke. Watu walimcheka njiani, yeye hakujali. Alisema ushuke tu, umwone mtoto kwanza, hayo mengine yatakuwa mepesi.

Nilipika. Nilifagia kile chumba cha mama, nikatandika.

Mabasi yote ya kutoka Mwanza yalipita siku ile. Kwa kila moja Selestini alisogea mpaka mlangoni, akatazama wanaoshuka. Mtoto alipolia alimnunulia maziwa hotelini. Kondakta wa basi la asubuhi alimwambia kuna abiria alishuka Lamadi, mwanaume mrefu wa shati jeupe, alikuwa amekata tikiti ya mpaka Dutwa lakini akagonga ubao ateremshwe, akavuka barabara, akasimama upande wa magari yanayorudi Mwanza. Sijui kama ulikuwa wewe. Wanaume warefu ni wengi.

Alirudi jua likiwa linazama. Nilikuwa nimekaa mlangoni, nikamwona anakuja peke yake, mtoto amelala mgongoni. Alimteremsha taratibu, akanipa.

"Labda basi limeharibika, mama," akasema.

Nikamwambia labda.

Misa ilikuwa nzuri. Watu walijaa mpaka nje ya boma, wanakwaya waliimba kwa miguu yao waliyokuja nayo. Padri aliwataja marehemu wetu wote. Baada ya misa Mzee Bundala aliniuliza habari zako nikasema u mzima.  Jumapili Selestini alianza kuezeka nyumba kwa zile bati.

Chakula chako nilikifunika mpaka asubuhi.

Dada yako,
Felisita